Kompyuta Inayokataa Kuwaka Asubuhi: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Mashine inayozungumziwa hapa ni kompyuta ya mezani iliyotengenezwa mnamo 2008, ikafanya kazi miaka kadhaa katika ofisi fulani huko Ulaya, kisha ikaingia Tanga kwa njia ya mtumba kama zilivyoingia nyingi za aina yake. Ina prosesa ya Core 2 Duo, RAM ya DDR2 ya gigabaiti 2, hadidiski ya SATA ya gigabaiti 250, na mfumo endeshi wa Windows 7. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, mama wa makamo ya juu, ambaye ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa. Hesabu zote za hisa na mikopo ya wanakikundi zilikuwa ndani ya mashine hiyo, pamoja na picha za familia. Lalamiko lilikuwa fupi: haiwaki. Fundi wa kwanza alikwisha kutoa hukumu kwamba mazabodi, yaani bodi kuu inayounganisha vifaa vyote, imekufa na kwamba ni heri kununua kompyuta nyingine.

Kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kwa sababu fundi yule hakubahatisha. Alifanya kipimo kinachojulikana na mafundi wote, akapata jibu sahihi, na kwa jibu hilo sahihi akafikia uamuzi usio sahihi. Makosa ya namna hii ni ya kawaida zaidi kuliko yale ya kutojua, na ni magumu zaidi kuyagundua, kwani mtu ana ushahidi mkononi.

Mashine ilipoletwa kwangu, kabla ya kugusa bisibisi nilimwomba mwenyewe anieleze ugonjwa ulivyoanza. Mafundi wengi huona swali hili ni la adabu tu, la kumfanya mteja ajione amesikilizwa, lakini katika mashine za zamani historia ya tatizo mara nyingi ina uzito kuliko hali yake ya leo. Maelezo yake yalikuwa hivi: "Fundi, mwanangu, hii ilianza zamani. Ina tabia yake. Nikiiwashia soketi ukutani kabla sijateleka chai, nikimaliza kunywa inawaka vizuri. Nikiiharakisha inakataa, feni inashtuka kidogo halafu kimya." Akaongeza kwamba mwaka uliotangulia ilitaka muda mfupi tu, kisha muda ukawa unarefuka, wakati wa kipupwe hali ikawa mbaya zaidi, na baada ya umeme kukatika kwa siku nzima haikuwaka tena hata akiiacha kwenye soketi mpaka adhuhuri. Nilipouliza kama huzima soketi kila usiku alijibu kwamba ndiyo, kwa hofu ya radi na bili.

Ndani ya maelezo hayo mna mambo matatu yasiyopaswa kupotea. Kwanza, tatizo lilikua polepole. Kitu kilichoungua hakiungui kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Pili, mashine ilipata nafuu kwa kukaa kwenye umeme bila kuwashwa. Tatu, baridi iliizidishia. Mtu akiyaweka mambo hayo pamoja, tayari ana mshukiwa mmoja mwenye tabia zote hizo, nami sitaficha kwamba nilimshuku tangu hapo. Lakini shaka si kipimo, na mteja aliyekwisha ambiwa na fundi mmoja kwamba mazabodi imekufa anastahili kuonyeshwa kwa namba kwamba haijafa.

Ili hoja inayofuata ieleweke, inafaa kueleza yanayotokea kati ya kidole kubonyeza swichi na maandishi ya kwanza kutokea kwenye kioo. Kompyuta za aina hii hufuata mpangilio wa ATX ambao Intel iliutoa mnamo 1995, na katika mpangilio huo pawa saplai, kile kisanduku kinachopokea umeme wa soketi na kuugawa ndani, haizimiki kabisa maadamu imechomekwa. Sehemu yake moja ndogo inaendelea kutoa volti 5 kupitia waya wa zambarau. Huu nitauita umeme wa kusubiri. Ndio unaoliwezesha lile eneo dogo la mazabodi linalongoja swichi ibonyezwe. Ikibonyezwa, mazabodi huushusha waya wa kijani hadi karibu na sifuri, na hiyo ndiyo amri kwa pawa saplai kuamsha sehemu yake kubwa yenye volti 12 katika waya wa manjano, volti 5 katika waya mwekundu na volti 3.3 katika waya wa chungwa. Volti hizo zikishatulia, pawa saplai hungoja kati ya milisekunde 100 na 500, kisha hutuma kwa waya wa kijivu ishara ya kuthibitisha kwamba umeme uko tayari. Mpaka ishara hiyo ifike, prosesa imeshikwa isifanye lolote. Baada ya hapo ndipo BIOS, programu ndogo iliyo ndani ya mazabodi, huanza kukagua RAM, kadi ya picha na hadidiski, na ndipo spika ndogo inaweza kupiga milio ya kueleza kilichokosekana.

Kwa hiyo feni inayoshtuka na kunyamaza inatueleza mahali tulipo kwenye safari hiyo. Amri ya waya wa kijani ilitoka, sehemu kubwa ikaanza kuamka, kisha kitu kikaikatisha kabla prosesa haijaachiliwa. Hadidiski mbovu haileti dalili hiyo kwa kawaida, Windows iliyoharibika haileti kamwe, na virusi, ambavyo kwa sababu nisizozielewa hutajwa katika kila tatizo la kompyuta mitaani, havina hata nafasi ya kuanza kazi. Wanaobaki kushukiwa ni pawa saplai yenyewe, mazabodi yenye shoti, au kifaa kilichochomekwa humo kinachovuta umeme kupita kiasi.

Ukaguzi wa nje ulikwenda haraka. Soketi ilikuwa na umeme, waya ulikuwa mzima, na swichi ndogo nyekundu ya nyuma ilikuwa kwenye 230 na si 115. Swichi hiyo huangaliwa kwanza katika mashine za mtumba, hasa zilizotoka Marekani, kwa sababu ikiwa kwenye 115 na ikachomekwa kwenye umeme wetu, pawa saplai hupasuka kwa kishindo na hakuna cha kuchunguza tena. Taa ndogo ya kijani juu ya mazabodi ilikuwa ikiwaka. Taa hiyo humaanisha kwamba umeme wa kusubiri upo. Haisemi kama unatosha.

Kabla ya kipimo chochote kinachohusu kuwasha, niliitoa hadidiski na kuiunganisha na kompyuta nyingine kwa adapta ya SATA kwenda USB, nikanakili faili za kikundi na picha zote. Hatua hii haitibu chochote, lakini naiweka hapa kwa sababu pawa saplai yenye ugonjwa inaweza kutoa volti iliyopitiliza wakati wowote, na hadidiski huwa miongoni mwa wanaoumia kwanza. Windows ya kompyuta ninayotumia ilikataa mwanzoni kuifungua folda ya mtumiaji kwa madai ya ruhusa, jambo ambalo humalizwa ama kwa kujipa ruhusa hiyo ama kwa kutumia Linux ya kwenye flashi, nami nilitumia Linux. Papo hapo niliisoma pia ile kumbukumbu ya afya ambayo hadidiski hujiandikia yenyewe, nikakuta sekta 8, yaani vipande vidogo vya kuhifadhia data, zimehamishwa kutoka sehemu mbovu. Niliiandika namba hiyo pembeni kwa ajili ya baadaye.

Sasa tuje kwenye kipimo cha fundi wa kwanza. Alichomoa kiunganishi kikubwa cha pini 24, akaunganisha waya wa kijani na mweusi, ambao ndio wa sifuri, kwa kipande cha waya, na feni ya pawa saplai ikazunguka. Kwa multimita alipata volti 12 na ushei, volti 5 na volti 3.3 mahali pake. Nilirudia kipimo hicho na namba zilikuwa nzuri vilevile: volti 12.14 kwenye manjano, 5.06 kwenye nyekundu, 3.34 kwenye chungwa. Akasema, kama pawa saplai ni nzima na kompyuta haiwaki, basi mazabodi ndiyo mbovu.

Kilichothibitishwa na kipimo hicho ni kwamba sehemu kubwa ya pawa saplai inaweza kuamka ikiwa haijabebeshwa kitu. Hakikuuliza kama inaweza kubeba mzigo, hakikuangalia waya wa kijivu, na zaidi ya yote hakikuugusa waya wa zambarau, kwani katika jaribio hilo mazabodi haipo na umeme wa kusubiri hauna wa kumhudumia. Tena jaribio lilifanyika kwenye karakana yake alasiri, baada ya pawa saplai kuwa kwenye soketi kwa muda, yaani katika hali ambayo ugonjwa wenyewe hupata nafuu.

Nilirudisha kiunganishi, nikaondoa kila kisichohitajika kilichobaki: kisomaji cha DVD, nyaya za USB za mbele, na mwisho RAM yenyewe. Kuondoa RAM ni kipimo cha bei nafuu kuliko vyote. Mazabodi iliyo hai, ikipata umeme mzuri bila RAM, itazungusha feni mfululizo na kupiga milio ya kulalamika. Hii haikulia. Feni ilishtuka na kunyamaza kama awali. Hapo vifaa vyote vya pembeni vikaondoka kwenye orodha ya washukiwa, pamoja na RAM ambayo fundi wa kwanza alikuwa ameisugua miguu yake kwa raba. Si kazi mbaya katika mji wa pwani ambako hewa ya chumvi hutia kutu miguu ya shaba, ila haikuwa dawa ya ugonjwa huu.

Kipimo kilichofuata kilikuwa kuuchungulia waya wa zambarau wakati swichi inabonyezwa. Ncha ya multimita inaweza kuingizwa kwa nyuma ya kiunganishi bila kukichomoa. Kompyuta ikiwa imetulia, namba ilikuwa 4.93, ambayo inakubalika, kwa kuwa kanuni ya ATX inaruhusu asilimia 5 juu au chini, yaani kati ya 4.75 na 5.25. Swichi ilipobonyezwa, namba ilianguka chini ya 4 kwa kitambo kidogo kisha ikapanda tena. Multimita ya kawaida husoma mara chache tu kwa sekunde, kwa hiyo anguko halisi lilikuwa kubwa kuliko nililoliona. Lakini hata hilo lililoonekana lilitosha kueleza kwa nini mazabodi inasahau amri yake katikati.

Bado mtetezi wa hukumu ya kwanza angeweza kusema kwamba ni mazabodi yenye shoti inayouvuta umeme huo chini. Ndiyo maana kipimo cha mwisho lazima kifanywe bila mazabodi. Nilichomoa kiunganishi, nikaacha pawa saplai ipoe usiku kucha bila umeme ili iwe katika hali ileile ya asubuhi anayoilalamikia mwenyewe, kisha nikaunganisha kati ya waya wa zambarau na mweusi rezista ya omu 5 yenye uwezo wa wati 10. Kwa volti 5 rezista hiyo huvuta ampia 1 na kutoa joto la wati 5, na kibandiko cha pawa saplai kinadai kwamba umeme wa kusubiri unaweza kutoa ampia 2. Bila rezista nilisoma 5.04. Kwa rezista nilisoma 3.8.

Hapo hukumu ikageuka. Mazabodi haikuwepo mezani, na volti iliporomoka kwa nusu tu ya mzigo ulioahidiwa. Kwa ajili ya uhakika niliubebesha waya wa manjano taa ya gari ya wati 21, nao ulishuka kutoka 12.14 hadi 11.95 tu, ambayo ni afya njema. Ugonjwa ulikuwa katika sehemu ya kusubiri peke yake. Kisha nilipuliza hewa ya vuguvugu ya mashine ya kukaushia nywele kupitia matundu ya pawa saplai kwa dakika kadhaa, nikapima upya kwa rezista ileile, na namba ikapanda hadi 4.7. Nilipoirudisha kwenye mazabodi ikiwa bado ina joto, kompyuta iliwaka. Mwalimu alikuwa akifanya jambo hilohilo kila asubuhi kwa njia ndefu zaidi.

Sababu yake ni kapasita za elektroliti. Ndani ya kila moja mna karatasi iliyolowa kimiminika, na kazi yake katika pawa saplai ni ile ya pipa la maji nyumbani: mfereji ukitoa kwa mafungu, pipa linahifadhi na kutoa kwa mfululizo. Kimiminika kinapokauka kwa miaka, pipa linakuwa dogo na mdomo wake unakuwa mwembamba. Kwa lugha ya umeme, uwezo wa kuhifadhi unapungua na ukinzani wa ndani unaongezeka. Ukinzani huo hushuka kapasita inapopata joto, na ndiyo sababu mashine iliyokaa kwenye soketi muda mrefu ilijipasha yenyewe na kupata nafuu, wakati ile iliyozimwa usiku wa kipupwe ilikataa.

Swali lililonishughulisha zaidi ni kwa nini sehemu ya kusubiri ichakae wakati ile kubwa bado iko imara. Jibu liko katika saa za kazi na mahali. Sehemu kubwa hufanya kazi pale tu kompyuta inapowashwa, na wakati huo feni inazunguka. Sehemu ya kusubiri hufanya kazi maadamu soketi ina umeme, na kompyuta ikiwa imezimwa feni imesimama, hivyo kapasita hizo hukaa kwenye joto la kipande cha alumini kilicho jirani bila hewa ya kuzipoza. Kapasita ya kawaida ya nyuzi 105 inaweza kuwa imeahidiwa saa 2,000 kwenye joto hilo, na kwa kanuni ya mafundi kila nyuzi 10 zinazopungua huongeza umri maradufu. Ikikaa kwenye nyuzi 65, umri unakuwa mara 16, yaani saa 32,000. Mwaka una saa 8,760. Ni kama miaka mitatu na nusu na kidogo ya kuchomekwa mfululizo, na kompyuta za ofisini huchomekwa mfululizo. Kwa hesabu hiyo, cha kushangaza ni kwamba iliishi hadi kufika kwetu.

Kufungua pawa saplai si kazi ya kila mtu, na hapa nasema bila kupunguza maneno. Umeme wa 230 ukigeuzwa kuwa wa moja kwa moja hufika karibu volti 325, na kapasita kubwa za upande wa kuingilia zinaweza kuushika hata baada ya waya kuchomolewa. Nilisubiri, nikapima kwenye miguu ya kapasita hizo, nikazimaliza umeme uliobaki kwa rezista na si kwa bisibisi, nikapima tena, ndipo nikageuza bodi.

Kapasita zote zilikuwa na vichwa bapa. Jambo hili limewapoteza mafundi wengi, kwa sababu tangu lile wimbi la kapasita mbovu, nyingi zikiwa zimetengenezwa Taiwan, lililoharibu kompyuta kote duniani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi takriban 2007, tumezoea kutafuta kapasita iliyovimba kichwa au kumwaga utomvu wa kahawia juu. Iliyokauka kwa uzee haivimbi lazima. Niliing'oa ile ya mikrofaradi 1,000 (kipimo cha uwezo wa kuhifadhi) kwenye njia ya zambarau na kuipima ikiwa nje: ilibakiwa na 180. Jirani yake ya mikrofaradi 470 ilikuwa na 90. Niliziweka mpya za uwezo uleule, za nyuzi 105 na zenye ukinzani mdogo wa ndani, volti zake zikiwa juu kidogo ya zile za asili, baada ya kuhakikisha zinaenea kwa upana na kimo. Nilibadilisha pia kapasita ndogo iliyo upande wa kuingilia wa sehemu hiyo, ingawa ilipimika vizuri, kwa kuwa katika miundo fulani ya zamani kapasita hiyo ikikauka huufanya umeme wa kusubiri upande juu badala ya kushuka, na hapo mazabodi huungua kweli. Kipimo cha rezista baada ya kulehemu, pawa saplai ikiwa imepoa: 4.98.

Kuna watakaouliza kwa nini nisinunue pawa saplai mpya. Nililifikiria. Mpya za bei nafuu zinazouzwa madukani kwetu huandikwa wati 500 na zaidi, lakini ukiishika mkononi unaona ni nyepesi kuliko hii ya wati 300, na wepesi huo ni shaba na alumini visivyokuwemo. Iliyotolewa kwenye mtumba mwingine ina umri uleule na kapasita zilezile. Nzuri hasa ingekuwa na bei inayokaribia ya kompyuta yenyewe. Kapasita tatu mpya zilikuwa uamuzi wa busara kwa mtu mwenye kifaa cha kulehemu na mwenye kuuheshimu umeme. Kwa asiyekuwa navyo ningesema anunue.

Mashine ikawaka kwa kubonyeza mara moja, ikalia mlio mmoja mfupi, kisha ikasimama na ujumbe kwamba mipangilio ya BIOS haikubaliki na saa haijawekwa. Tarehe ilikuwa imerudi Januari 2008. Nilibonyeza F1 kuendelea, alama ya Windows ikaanza kuchezacheza, kioo cha buluu kikamulika chini ya sekunde moja, na kompyuta ikaanza upya, ikarudia hivyo bila kikomo. Hapa ndipo mtu aliyechoka husema, basi yule fundi wa kwanza alikuwa na haki, au huamua kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Nilibonyeza F8 wakati wa kuanza na kuchagua isijizime yenyewe inapokosea, ili kioo kile kisomeke. Namba ilikuwa 0x0000007B, ambayo maana yake ni kwamba Windows imeanza kupakiwa lakini haiwezi kuifikia diski ilimo.

Namba hiyo ikitokea mara tu baada ya BIOS kupoteza mipangilio yake, pa kuangalia kwanza ni hali ya SATA, yaani namna iliyopangwa katika BIOS ya kuwasiliana na diski, ambayo huwa AHCI au IDE. Windows hii iliwekwa wakati BIOS iko kwenye AHCI, na Windows 7 inapowekwa huzizima dereva za aina nyingine za diski isizozihitaji. BIOS ilipopoteza kumbukumbu ilirudi kwenye hali yake ya kiwandani, ambayo kwa mashine hii ni IDE, na Windows ikajikuta mlangoni bila ufunguo. Niliingia BIOS, nikaweka AHCI, nikarekebisha tarehe, nikahifadhi. Windows ikafunguka na kila kitu kikiwa mahali pake. Tarehe nayo isipuuzwe: kompyuta inayoamini kuwa ni 2008 hukataa tovuti nyingi kwa madai kwamba vyeti vyake vya usalama si halali, na mwenyewe hudhani intaneti ndiyo mbovu.

BIOS ilisahau kwa sababu betri yake bapa ya CR2032, ambayo ikiwa mpya hupimika volti 3 au zaidi kidogo, ilikuwa imebaki na 2.3. Na hapa kisa kinajifunga, kwa kuwa betri hiyo hutumika hasa kompyuta inapokuwa haina umeme wa soketi. Ikiwa imechomekwa, umeme wa kusubiri ndio unaotunza saa. Kuzima soketi kila usiku kuliipunguzia kapasita saa za kazi, bila shaka kukairefushia maisha, na wakati huohuo kuliimaliza betri na kuilazimu pawa saplai kuanza ikiwa baridi kila asubuhi. Siwezi kusema tabia hiyo ilikuwa mbaya. Ni tabia yenye gharama yake, na betri mpya ni gharama ndogo kuliko pawa saplai iliyopigwa na radi. Nilimshauri aendelee kuzima nyakati za masika na vuli, na nyakati nyingine achague apendavyo.

Kuhusu Windows 7 nilimweleza kwamba Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020, na kwamba hesabu za watu hazifai kukaa kwenye mashine ya namna hiyo ikiwa kwenye intaneti. Aliridhika kuitumia bila intaneti, na nakala ya faili kwenye flashi mbili, moja ikikaa kwa katibu wa kikundi.

Mwezi uliofuata alileta mashine nyumbani kwangu kwa ukaguzi tuliokubaliana. Ilikuwa ikiwaka asubuhi kwa mbonyezo mmoja, na umeme wa kusubiri ulikuwa palepale. Lakini zile sekta 8 za hadidiski zilikuwa zimefika 41, na namba inayopanda kwa kasi hiyo haihitaji mjadala. Tulinunua diski ya SSD, ile isiyo na sehemu inayozunguka, ya gigabaiti 240, na kwa kuwa ile ya zamani ni ya 250, kunakili moja kwa moja kusingewezekana. Nilipunguza kwanza sehemu ya Windows kwa chombo cha Windows chenyewe cha kugawa diski, nikanakili kwa Linux, nikahakikisha BIOS bado iko kwenye AHCI, nikamrudishia Mwalimu mashine yake pamoja na ile hadidiski ya zamani, ikiwa imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwamba isitumike tena.